Kuchagua Msumeno wa Meza kwa Karakana Ndogo

Mazungumzo kwa mafundi seremala wafanyao kazi nyumbani

Seremala atumiaye msumeno wa mkono huweza kumaliza asubuhi nzima akipasua mbao chache tu, na jioni bega lake likamwuma. Kwa hiyo si ajabu kwamba apatapo fedha kidogo, kitu cha kwanza akitamanicho ni msumeno wa meza, yaani ile mashini yenye meza ya chuma na gurudumu la meno, liitwalo bledi, ambalo huchomoza katikati ya meza na kuzungushwa kwa mota. Mashini hii ni msaada mkubwa. Hata hivyo imewaondolea mafundi wengi vidole, na vidole ndivyo mtaji wa seremala. Basi yampasa mnunuzi kufikiri vema kabla ya kufungua mfuko wake.

Jambo la kwanza ni kuijua kazi yenyewe. Watu wengi hudhani kwamba mashini kubwa ndiyo bora. Sivyo. Bledi yenye upana wa milimita 250, yaani karibu inchi 10, hukata ubao wa unene wa inchi 3 hivi. Mtu atengenezaye viti, meza na makabati kwa mbao za saiprasi au mvule zenye unene wa inchi 1 au 2 hahitaji zaidi ya hapo. Na ikiwa kazi yake ni kukata plaiwudi ya futi 8 kwa 4, afahamu kwamba meza ndogo haiwezi kuibeba peke yake. Itambidi aweke vihimili pembeni na nyuma ya mashini, au aigawanye kwanza kwa msumeno mwingine.

Jambo la pili ni aina ya mashini. Katika Kenya fundi huweza kupata aina tatu. Kuna mashini ndogo nyepesi kutoka ng'ambo, ambayo mtu mmoja aweza kuibeba. Hii hufaa chumba kidogo, ila hupiga kelele nyingi na hutikisika. Kuna mashini nzito ya chuma cha kalibu, mara nyingi iliyokwisha kutumika. Hii hukata kwa utulivu, lakini yataka nafasi, na nyingine hutaka umeme wa nyaya tatu ambao nyumba nyingi hazina. Tena kuna mashini inayoungwa na mafundi wa jua kali, yenye fremu ya vyuma, mota chini, na mkanda wa kuzungushia bledi. Hii bei yake ni nafuu na vipuri vyake hupatikana karibu, lakini mara nyingi hutoka bila kinga yoyote. Mwenye kuiagiza hana budi kumwambia mwundaji mapema kwamba anataka kinga, na asilipe fedha za mwisho mpaka ameziona mahali pake.

Jambo la tatu ni umeme. Umeme wa nyumbani katika Kenya ni wa volti 240, na soketi ya kawaida huchukua ampea 13, yaani wati zipatazo 3,000. Msumeno wa wati 1,500 hadi 2,000 huweza kutumia soketi hiyo. Waya wa kurefushia uwe mnene na ukunjuliwe wote, kwa maana waya mwembamba au uliozongwa hupata moto. Mtu aletewaye mashini na ndugu yake kutoka Marekani aangalie kwa makini: huko umeme ni wa volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde, na hapa mizunguko ni 50. Transfoma hupunguza volti, lakini haibadili mizunguko. Kwa hiyo mota nyingi za mashini nzito zitazunguka polepole zaidi na kupata joto jingi.

Jambo la nne ni unyofu. Mbele ya muuzaji, na waya wa umeme ukiwa umechomolewa, mnunuzi atie alama kwenye jino moja la bledi. Kisha apime nafasi iliyopo kati ya jino hilo na kile chuma cha kuongozea ubao, kwanza jino likiwa mbele, halafu bledi izungushwe kwa mkono na nafasi ipimwe tena jino hilo hilo likiwa nyuma. Vipimo viwe sawa. Ikiwa nafasi ya nyuma ni nyembamba kuliko ya mbele, na chuma hakiwezi kunyoshwa, mashini hiyo na iachwe, ingawa rangi yake yang'aa. Ubao utabanwa, utaungua, na mwishowe utarushwa.

Hapo ndipo hatari ilipo. Bledi ya milimita 250 izungukayo mara 4,000 kwa dakika, meno yake hukimbia zaidi ya kilomita 180 kwa saa. Ubao ukibanwa na meno ya nyuma, hurudishwa kwa nguvu kumwelekea fundi, na mkono uliokuwa ukiusukuma waweza kuvutwa kwenye meno. Katika Marekani, tume ya serikali ya usalama wa bidhaa imekadiria kwamba watu wapatao 30,000 kwa mwaka hutibiwa kwa kukatwa na misumeno ya meza.

Wahenga walisema, ajali haina kinga. Lakini ajali ya msumeno huu ina kinga, na kinga hizo ni nne. Ya kwanza ni kile kisu chembamba kisimamacho nyuma ya bledi ili kuzuia ubao usiyabane meno. Ya pili ni kifuniko cha juu ya bledi. Ya tatu ni kijiti cha kusukumia, ili vidole visikaribie meno. Ya nne ni swichi ambayo, stima ikatikapo na kurudi, haiachi mashini ianze kuzunguka yenyewe. Mashini isiyo na hizi si rahisi hata kama bei yake ni ndogo. Mnamo 1999 Stephen Gass wa Marekani alibuni msumeno ambao bledi yake, ikigusa mwili wa mtu, husimama katika sehemu 5 za elfu moja za sekunde. Lakini mashini za namna hiyo ni ghali, na kinga za kawaida bado zina kazi yake.

Fedha ikibaki, inunuliwe bledi nzuri. Bledi ya meno 24 hupasua ubao kwa urefu, ya meno 60 au zaidi hukata kwa upana na kuacha sehemu laini, na ya meno 40 hufanya kazi zote mbili kwa kiasi. Tundu lake la katikati lilingane na mhimili wa mashini. Tena fundi asisahau kitambaa au barakoa ya kuzuia vumbi, maana imethibitishwa kwamba vumbi la mbao likivutwa kwa miaka mingi huweza kuleta saratani ya pua. Glavu na mikono mirefu ya shati visitumike kabisa penye bledi inayozunguka.

Kwa ufupi, mwenye fedha za mashini kubwa isiyo na kinga afadhali anunue ndogo iliyo kamili. Kabati lililokatwa vibaya huweza kutengenezwa tena kwa ubao mwingine. Kidole hakiuzwi dukani, na kazi ya mikono yataka vidole vyote kumi.