Vitundu Chini ya Chuma

Mvumbuzi Henry Bessemer alipowatangazia wataalamu mjini Cheltenham, Uingereza, mwaka 1856, kwamba chuma ghafi kilichoyeyuka husafika kwa kupulizwa hewa tu, pasipo kuongezewa makaa, wengi walistaajabu. Lakini ajabu iliyo kubwa zaidi, kwa rai yangu, imo katika vile vitundu vya chini ya tanuri, ambamo hewa hiyo hupitia kuingia katika chuma. Kiputo cha hewa kinapokatika kitunduni na kupanda juu, nguvu ya hewa pale mlangoni hulegea kwa lahadha moja, na kioevu hupata fursa ya kupenya. Maji yangedondoka tu, na hasara ingekuwa hafifu; ama chuma, ambacho uzito wake hukaribia mara 7 ya maji, huganda ndani ya kitundu na kukiziba, au, upepo ukikatika kabisa, huteremka hadi kwenye chumba cha hewa na kukiharibu. Dawa ya Bessemer, aliyoisajili mwaka 1860, ilikuwa tanuri la kuinamishwa: hulazwa ubavu linapojazwa, vitundu vikae juu ya chuma, wala halisimamishwi kabla upepo haujafunguliwa.