Kazi za Vikundi na Zana za Mtandaoni Zisizolipiwa: Mfano wa Historia ya Majimaji Songea

Kazi ya kikundi shuleni ina ugonjwa wake wa zamani: mmoja anaandika, wengine wanatia majina. Mwalimu akipokea kurasa zenye mwandiko mmoja mzuri, hana namna ya kujua nani alisoma na nani alipiga soga. Waraka wa pamoja wa mtandaoni, kama ule wa Google ulioanza mwaka 2006, una dawa ambayo wengi huipita bila kuitazama: historia ya matoleo. Kila badiliko lina mwenyewe na saa yake. Aya iliyobandikwa nzimanzima usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi hujianika yenyewe.

Dawa hiyo hufanya kazi pale tu kila mwanafunzi anapoingia kwa akaunti yake. Shule nyingi za sekondari haziruhusu simu kwa wanafunzi, na kwenye chumba cha kompyuta chenye mashine chache watano hujibana mbele ya kioo kimoja; waraka huonyesha jina moja, ugonjwa ukarudi palepale. Hapo utaratibu rahisi hushinda teknolojia: kila aya imalizike kwa herufi za kwanza za jina la aliyeiandika.

Kushirikiana kwenyewe hakukuanza na intaneti. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi wa historia wa chuo kikuu Dar es Salaam walitumwa kusini kukusanya simulizi za wazee kuhusu Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Kila mmoja alishika eneo lake, na kazi zao zikapigwa chapa na kukusanywa pamoja. Kilichokosekana ni njia ya wasomaji wa Songea, walikonyongwa jemadari wa Wangoni Songea Mbano na wenzake mwaka 1906, kuziona kazi hizo kwa urahisi na kuzisahihisha.

Njia hiyo ipo sasa. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, inamruhusu yeyote kuhariri, na kila makala ina ukurasa wa majadiliano. Kikundi kinaweza kugawana: mmoja anatafuta vitabu, wa pili anakwenda Makumbusho ya Majimaji mjini Songea kunakili tarehe na majina, wa tatu anaandika, wa nne anahakiki. Wakipingana juu ya jina la jemadari, hoja huwekwa kwenye majadiliano, na mwenye chanzo ndiye anayesikilizwa, hata akiwa mdogo wa kikundi.

Lakini chanzo kinachotakiwa ni kilichochapishwa. Simulizi ya bibi wa Kingoni, hata iwe na undani usiopatikana kitabuni, haikubaliki kama ushahidi. Kwa historia ya mkoa wa Ruvuma, uliko mji wa Songea, hilo ni pengo kubwa, na si haki kulifumbia macho. Kwa sehemu linazibika: sauti iliyorekodiwa inaweza kuwekwa Wikimedia Commons, hazina ya picha na sauti iliyoanza mwaka 2004, kwa leseni huria.

Zana hailipiwi, bando linalipiwa. Kwa kusoma, programu ya Kiwix hupunguza gharama: Wikipedia hupakuliwa mara moja, ikahamishwa kwa flashi na kusomwa bila mtandao kwenye kila kompyuta. Rasimu nazo zinaweza kuandikwa kwa programu ya LibreOffice, kisha mwalimu akazipandisha zote siku moja. Kinachopotea ni kuhariri kwa pamoja papo hapo, na hasara yake ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, maana wanafunzi wakiandika kwa zamu husomana kwanza.

Ruhusa ndiyo sehemu inayosahaulika zaidi. Mzee anayerekodiwa aelezwe mapema kwamba leseni huria haibatilishwi na kwamba sauti yake itatumika popote. Kwa wanafunzi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inawahusu pia: jina kamili la mtoto, shule yake na picha yake havina sababu ya kuonekana hadharani, na jina la kubuni kwenye akaunti ya Wikipedia linatosha kumwezesha mwalimu kutoa alama.