Nani Atawasemea? Usalama wa Watu Wazima Wenye Ulemavu wa Akili katika Nyumba za Malezi

(Hii ni mada iliyotolewa na ndugu yetu mmoja anayefanya kazi ya ulezi nchini Uingereza, alipokuwa likizoni nyumbani. Tumeiandika karibu kama alivyoisema.)



Ndugu zangu, dada zangu, na wazee wetu mlioketi mbele. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha alasiri hii, na nawashukuru nyinyi kwa kukaa kunisikiliza wakati saumu imeshakaza. Sitawaweka sana. Najua futari yasubiri.

Nimeombwa nizungumzie kazi yangu. Wengi mkisikia "fulani yuko Uingereza" mwafikiri nakaa ofisini na tai shingoni. La. Kazi yangu ni kumuogesha mtu, kumvisha, kumlisha, kumpa dawa kwa wakati na kukesha naye usiku. Ninaowahudumia ni watu wazima wenye ulemavu wa akili, wanaume na wanawake wa miaka 30, 40, hata 60, wanaoishi pamoja katika nyumba ya malezi.

Hapa tuelewane kidogo. Ugonjwa wa akili ni kitu kimoja na ulemavu wa akili ni kingine. Mtu aweza kuwa mwalimu, akaugua akili leo, akatibiwa akapona. Mwenye ulemavu wa akili amezaliwa nao au ameupata utotoni. Huchukua muda kuelewa, wengine hawasemi kabisa, na huhitaji msaada maisha yao yote. Lakini si watoto. Mtu wa miaka 45 ni mtu wa miaka 45. Ana anachokipenda na asichokipenda, ana aibu yake na ana heshima yake.

Najua wengi wenu mlitaka kuniuliza habari za viza. Niseme mapema: tangu tarehe 22 Julai 2025 Uingereza imefunga mlango wa kuajiri walezi wapya kutoka ng'ambo. Lakini kazi ya ulezi haikuisha. Vijana wetu wanasomea ulezi hapa hapa, wengine wako Ghuba, na wengine ni walezi bila mshahara kwa sababu nyumbani kuna kaka au shangazi wa namna hii. Kwa hivyo maneno haya ni yetu sote.

NYUMBA NZURI, MAMBO MABAYA

Nitawapa kisa kimoja ambacho huko kila mlezi hukisikia anapoanza kazi. Karibu na mji wa Bristol kulikuwa na hospitali ya kibinafsi ikiitwa Winterbourne View, ya kampuni ya Castlebeck. Ilifunguliwa mwaka 2006, ina vitanda 24, kwa ajili ya watu wazima wenye ulemavu wa akili na usonji. Jengo jipya, safi. Serikali ilikuwa ikilipa kwa wastani pauni 3,500 kwa wiki kwa kila mgonjwa. Fanyeni hesabu wenyewe kwa shilingi.

Oktoba 2010, muuguzi mmoja mwandamizi aitwaye Terry Bryan aliandika malalamiko kwamba wahudumu wanawatesa wagonjwa. Aliwaambia wakubwa wake wa kazi. Aliiambia tume ya serikali inayokagua nyumba za malezi, tena si mara moja. Hakuna aliyechukua hatua ya maana. Mwishowe akaenda BBC. Mwandishi mmoja wa kipindi cha Panorama akaomba kazi pale kama mhudumu wa kawaida, akaficha kamera nguoni kwa wiki tano.

Tarehe 31 Mei 2011 nchi nzima iliona. Watu wanapigwa makofi, wanaburutwa, wanakandamizwa chini ya viti, msichana anamwagiwa maji akiwa na nguo zake, wahudumu wanacheka. Hospitali ilifungwa mwezi uliofuata. Wafanyakazi 11 walikiri makosa mahakamani, na Oktoba 2012 sita kati yao walifungwa jela.

Sasa, wengi husema, "Wale walikuwa makatili, wamefungwa, yameisha." Hayakuisha. Baada ya uchunguzi iligunduliwa kwamba dalili zilikuwepo miaka yote. Polisi walikuwa wameitwa mara kadhaa. Baraza la eneo lile lilikuwa limepokea taarifa za kuumizwa watu. Wagonjwa walikuwa wamepelekwa hospitali kubwa kutibiwa majeraha mara zaidi ya 70. Mwaka 2010 peke yake, vitabu vya hospitali yenyewe viliandika mara 379 ambapo wagonjwa walishikwa kwa nguvu. Kila mmoja alikuwa na kipande chake mkononi, polisi chake, daktari chake, baraza chake, na hakuna aliyeviweka pamoja akauliza: jamani, kuna nini kule?

Na jambo lililoniuma zaidi ni hili. Wazazi walikuwa wakija kutembelea, lakini hawakuruhusiwa kupanda juu vyumbani. Wanapewa kiti chumba cha wageni, mtoto wao analetwa, wanakaa naye, wanaondoka. Wapo waliosema mapema kwamba mtoto wao analalamika anapigwa, na hawakusadikiwa.

Serikali iliahidi kwamba ifikapo Juni 2014 kila asiyestahili kukaa hospitali za namna hiyo atakuwa amerudishwa karibu na kwao. Ahadi haikutimia. Mwaka 2019 Panorama walirudi na kamera ya siri, mahali pengine, kaskazini, hospitali iitwayo Whorlton Hall. Mambo yakawa karibu ni yale yale.

USALAMA SI KUTOPIGWA TU

Wakati mwingine hakuna aliyenyanyua mkono na mtu akafa. Connor Sparrowhawk alikuwa kijana wa miaka 18, anapenda sana mabasi. Alikuwa na ulemavu wa akili na kifafa. Mwaka 2013 alilazwa katika kituo kimoja mjini Oxford. Mama yake, Sara Ryan, aliwaambia wahudumu kwamba anaona dalili za kifafa kumrudia. Tarehe 4 Julai 2013 Connor aliachwa bafuni peke yake, ndani ya beseni la maji. Kifafa kikampanda, akazama. Mwaka 2015 baraza la wazee wa mahakama liliamua kwamba uzembe ulichangia kifo chake, na mwaka 2018 shirika la afya lililosimamia kituo kile lilitozwa faini ya pauni milioni 2 kwa kifo chake na cha mgonjwa mwingine.

Mimi kila nikifungua maji ya kuoga kazini humkumbuka yule kijana. Mwenye kifafa haachwi peke yake majini. Ni jambo la dakika kumi na tano tu. Lakini ukienda kujibu simu, dakika hizo ndizo roho ya mtu.

Huko Uingereza watu wenye ulemavu wa akili hufa kama miaka 20 kabla ya wenzao. Wengi hawafi kwa ulemavu. Hufa kwa nimonia, kwa chakula kupita njia mbaya, kwa kufunga choo hata tumbo likapasuka, kwa maradhi ambayo mimi na wewe tungesema "naumwa hapa" tukatibiwa. Yeye hawezi kusema. Anapiga kichwa ukutani. Na mhudumu mvivu husema, "Ndiyo tabia yake huyo," akaongeza dawa ya kutuliza. Kumbe ni jino.

NILICHOKIFANYA MIMI

Sasa nitawaambia jambo ambalo sikutaka kulisema, lakini nikiliacha nitakuwa nimewapa nusu ya mada.

Mwezi wangu wa pili kazini, nilipangiwa zamu za usiku pamoja na mhudumu mzoefu. Nyumba yenyewe sitaitaja. Kulikuwa na mzee wetu mmoja asiyesema. Akitaka chai, hugonga kikombe mezani, taratibu, ko, ko, ko. Akipewa chai, hutulia. Ndiyo lugha yake. Mwenzangu zile kelele zilimchosha. Usiku mmoja akachukua kikombe akakiweka juu ya kabati, akampeleka mzee chumbani, akafunga mlango na kuuwekea kiti kwa nje. Nikamtazama. Akaniambia, "Utazoea."

Nilinyamaza. Usiku wa pili, nikanyamaza. Usiku wa tatu pia. Kwa nini? Kwa sababu viza yangu ilikuwa imefungwa na mwajiri wangu. Nilikuwa nimekopa, na nyumbani karo ilikuwa yangojewa. Nikajiambia, mimi mgeni, wenyewe ndio wajuao. Asubuhi kuna kitabu cha kuandika hali ya kila mtu. Nikaandika: "Amelala vizuri." Nikatia sahihi. Mara tatu.

Asubuhi ya nne niliona vifundo vya vidole vyake vimevimba. Alikuwa amegonga mlango usiku kucha, kama anavyogonga kikombe. Na mimi nilikuwa nikimsikia.

Siku hiyo nilikwenda kwa meneja. Nikaeleza yote, pamoja na sahihi zangu. Yule mwenzangu alitolewa. Mimi niliandikiwa onyo, na nilistahili. Viza yangu haikuguswa. Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba huko kuna sheria ya mwaka 1998 inayomlinda mfanyakazi anayefichua maovu kazini, na kwamba kumfungia mtu mzima mlango bila idhini ya kisheria ni kosa. Sikatai, wapo waliosema wakapoteza kazi. Lakini mzee yule, kwa wiki nyingi, akinisikia natembea usiku alikuwa akivuta shuka mpaka kichwani. Hilo hakuna aliyeniandikia onyo. Nilibaki nalo mwenyewe.

Katika hadithi aliyoipokea Anas, kuna mwanamke aliyekuwa na kasoro katika akili yake aliyemwambia Mtume (s.a.w.) kwamba ana haja naye. Mtume akamwambia achague njia yoyote aitakayo, akasimama naye pembeni mpaka akamaliza haja yake. Kiongozi wa umma! Mimi nilishindwa kusimama kusikiliza kikombe.

TUFANYE NINI?

Kama una jamaa yako katika nyumba ya malezi, popote pale, usiende siku za sikukuu peke yake. Nenda bila kutoa habari. Nenda wakati wa chakula, nenda jioni wahudumu wanapokuwa wachache. Omba kuingia chumbani anapolala na uone anapooga. Mahali wanapokwambia "ngoja hapa, tutamleta", kila siku ngoja hapa, hapo uliza kwa nini. Tazama kucha zake, uzito wake, nguo alizovaa kama ni zake. Uliza anakunywa dawa gani na za nini. Ukiona jeraha, andika tarehe. Kipande kimoja hakisemi kitu, vikiwa vingi pamoja vinasema.

Kama wewe ni mlezi, jifunze lugha ya kila mmoja. Huyu akiumwa hufanya nini? Yule akifurahi hufanya nini? Mwache achague, hata kama ni shati la rangi gani. Sheria ya Uingereza na Wales ya mwaka 2005 inasema mtu mzima achukuliwe kuwa aweza kuamua mambo yake mpaka ithibitishwe vingine. Na kitabu cha zamu kiandike ukweli. Mwenzako akikwambia "utazoea", jua kwamba hapo hasa ndipo pa kusema.

Na sisi tulio hapa nyumbani? Hapa Kenya wengi wa watu hawa hawako katika nyumba za malezi. Wako kwa mama zao. Nyumba yao ya malezi ni kile chumba cha nyuma, ambacho mgeni akija mlango hurudishwa. Nasi twawaita majina mnayoyajua, hata barazani. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inasema mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima na kuitwa kwa jina lisilomdhalilisha. Tuanzie hapo basi, na ndimi zetu.

Kisha nawauliza swali moja, mwende nalo. Katika mtaa wenu yuko mama mzee mwenye mtoto wa miaka 40 namna hii. Mwamjua. Mama yule halali akiwaza, nikifa mimi, nani atajua kwamba mwanangu akishika sikio ana njaa? Mwezi huu, kabla haujaisha, nenda kwake. Usipeleke tende peke yake. Kaa, umuulize mwanawe hupenda nini, huogopa nini, akiumwa hufanyaje. Mjue, naye akujue. Ili siku mama hayupo, kuwe na mwingine mtaani anayeielewa ile ko, ko, ko.