Sahihi ya Fundi ni Dhamana

(Mazungumzo na walimu na watumishi wa umma wa Ruponda, wilayani Nachingwea)



Tarehe 18 Aprili, 1972, ndege ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, aina ya Super VC10, ilikuwa Addis Ababa, safarini kutoka Nairobi kwenda London. Ndani yake walikuwamo watu 107. Ilipokuwa ikikimbia ili iruke, ilikanyaga kipande cha chuma kilichokuwa kimeanguka kutoka katika ndege ndogo, na tairi la mbele likapasuka. Rubani akaamua kutoruka, akafuata taratibu zote zilizompasa. Lakini breki hazikushika kwa nguvu zake zote. Ndege ikapita mwisho wa njia, ikaporomoka na kuwaka moto. Watu 43 walifariki.

Uchunguzi ulionyesha kwamba sehemu ya mfumo wa breki ilikuwa imerudishiwa vibaya baada ya kufunguliwa. Kile chuma kilikuwa bahati mbaya. Lakini breki huwekwa kwa ajili ya siku ya bahati mbaya. Siku hiyo ilipofika, kosa la karakana likadai roho za watu.

Shirika lile lilikuwa mali ya Tanzania, Kenya na Uganda, mpaka Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Basi msiba ule ulikuwa wetu, na fundisho lake ni letu vilevile.

Wapo watakaosema kwamba makosa ya namna hii ni ya nchi changa. Si kweli. Tarehe 12 Agosti, 1985, ndege ya Shirika la Ndege la Japani ilianguka mlimani, wakafa watu 520. Wanne tu ndio waliopona. Mkia wa ndege hiyo ulikuwa umegonga ardhi mwaka 1978, na ukuta wake wa nyuma ukatengenezwa isivyotakiwa: palipohitaji safu mbili za ribiti, safu moja tu ndiyo iliyobeba uzito. Kwa miaka saba kosa lile lilipaa na kutua pamoja na abiria, bila mtu kulijua.

Ni rahisi kumlaumu fundi, kisha tukaenda zetu kulala. Lakini fundi hafanyi kazi peke yake. Yupo mkaguzi anayepaswa kuitazama kazi yake kabla ya kutia sahihi. Yupo mkubwa anayepanga fedha za vipuri, na anayeweza kumhimiza fundi amalize haraka. Ikiwa fundi anayesema "bado" huonekana mkorofi, na anayesema "tayari" husifiwa, sisi wenyewe ndio tunaomfundisha kusema uongo.

Eneo letu hili halikosi ushahidi. Mradi wa karanga wa wakoloni, ulioanzishwa mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ulifika mpaka Nachingwea. Ulianguka kwa sababu nyingi. Mojawapo ni matrekta chakavu, mengine mabaki ya vita, yaliyoharibika upesi kuliko mafundi walivyoweza kuyatengeneza. Kununua mtambo ni sherehe ya siku moja. Kuutunza ni kazi ya kila siku, isiyopigiwa ngoma.

Mtu anaweza kuniuliza: ndege inatuhusu nini sisi tunaosafiri kwa basi? Ndugu, basi nalo lina breki. Pampu ya maji ina fundi wake, na paa la darasa lina mkaguzi wake. Hata sisi tusioshika spana tunatia sahihi. Ofisa anayepokea madawati bila kuyahesabu, na mwalimu anayetia alama ya vema katika daftari asilolisoma, wanafanya lile lile la mkaguzi asiyetazama breki. Tofauti ni kwamba madhara yao hayatoi moshi.

Tumezoea kusema kwamba cheo ni dhamana. Nami naongeza: sahihi nayo ni dhamana. Anayeitia anawaambia watu asiowajua, "Nimetazama mimi mwenyewe, piteni." Kama hujatazama, weka kalamu chini. Na mwenzako akiiweka chini kalamu yake kwa sababu hiyo, usimwite mkorofi. Simama naye.