Korona ni ya Nani?



Sote tuliosoma Kimamba twaujua mkonge. Jani likishakatwa halingoji, mwenye shamba asiye na korona (mashine, si ugonjwa!) hukubali bei ya mwenye korona.

Vijana mnaotaka kuishi kwa kuandika programu, zana mnapewa bure, lakini ulizeni nani analipa mafundi wake. Terraform, zana ya kuandalia seva, ilikuwa huria tangu 2014. Agosti 2023 kampuni yake, HashiCorp ya Marekani, ikabadili leseni ili kuwazuia washindani. Waliokwisha kujenga biashara juu yake wakabanwa. Heri matoleo ya awali hayanyang'anyiki: Septemba hiyo hiyo nakala yake, OpenTofu, ikawekwa chini ya Linux Foundation. Mafundi wa OpenTofu nao hulipwa na makampuni, ila si moja.