Supu ya Chumba Kimoja
Wewe uliyepanga chumba chako cha kwanza, usingoje kabati la vyombo ndipo uanze kupika. Sufuria yenye mfuniko, kisu, mwiko, bakuli na ndoo vinatosha. Na jiko la mkaa. Hapo nisikilize vizuri: usilipikie ndani umefunga mlango na dirisha, wala usilale nalo upate joto. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inaua mtu akiwa usingizini. Mvua ikinyesha je? Barazani, siyo chumbani.

Haya, supu. Osha mifupa ya ng'ombe nusu kilo, ifunike kwa maji baridi, chemsha, engua povu. Mkaa ukipungua usiongeze haraka. Moto mdogo, saa mbili au tatu, ndio unaotakiwa. Mwishoni karoti, tangawizi, kitunguu saumu, chumvi kidogo. (Vile vidonge vya supu vya dukani vina chumvi nyingi, mimi sivitaki.) Ndimu ukishaepua.

Usiilaze sufuriani mpaka asubuhi. Vijidudu vingine huacha sumu ambayo hata kuchemsha tena hakuiondoi. Huna friji? Mwite jirani, mmalize.