Mgeni siku mbili, hata wodini



Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Leo namzungumzia mgeni anayekaa mwilini mwa mtoto njiti.

Mwaka jana mpwa wangu alijifungua mimba ikiwa na wiki 29 tu. Mtoto alikuwa na gramu 1,150. Kwa kuwa utumbo wake ulikuwa haujakomaa, madaktari walimpitishia mpira mwembamba kwenye kitovu, ukapanda na mshipa mkubwa mpaka karibu na moyo. Humo ndimo zilimopita sukari, chumvi na dawa. Bila mpira ule tungekuwa tumemzika.

Lakini njia ipitishayo uhai hupitisha na mauti. Vijidudu huufuata mpira hadi kwenye damu. Damu nayo yaweza kuganda kuuzunguka. Na ncha ikisogea ikagusa ukuta wa moyo, maji ya dripu yanaweza kuvuja yakaubana moyo usipige. Hilo hutokea kwa nadra, lakini huua. Ndiyo maana hupigwa picha ya eksirei kuhakikisha ncha iko mahali pake.

Mimi mwenyewe nilikosa. Nimeshuka kwenye daladala, nikanyoosha mkono kumgusa mtoto. Sista akanizuia: "Mzee, kanawe kwanza!" Nikanuna. Siku tatu baadaye mtoto alipoa mwili, akalegea, akawa anasahau kupumua. Vijidudu vilikuwa vimeingia kwenye damu. Nani aliyevileta, Mungu anajua. Mpwa wangu akauliza: "Daktari, kama sasa anapokea maziwa yangu, mpira huu bado wa nini?" Kumbe hakuna aliyekuwa amejiuliza. Ukatolewa siku ile ile, dawa zikabadilishwa, mtoto akapona.

Huko Michigan, Marekani, ripoti ya mwaka 2006 ilionyesha kuwa maambukizi ya aina hii kwa wagonjwa mahututi yalipungua kwa hadi asilimia 66. Siri haikuwa mashine mpya. Walinawa mikono, walisafisha ngozi ya mgonjwa, walijifunika vizuri wakati wa kuweka mpira, waliepuka mshipa wa paja, na waliuondoa mpira usio na kazi.

Basi, sisi tunaokwenda kutazama wagonjwa, tunawe bila kununa. Nawe mzazi, uliza kila asubuhi, kwa heshima: mgeni huyu bado ana kazi?

Kwaherini.